Kuhamia Mjini Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa anayehamia mjini Unguja kukaa: kutoka Pemba, kutoka shamba, au kutoka Bara. Mji huu una saa zake, yaani saa ya maji, saa ya sala, na majira ya kaskazi na kusi, na gharama nyingi za mgeni hutokana na kutozijua. Maswali ya mwanzo yanamhusu kila mtu. Ya mwisho yanawahusu wachache.

## Kufika na kujitambulisha

Nikishafika, nianzie wapi?

Kwa Sheha. Mji umegawika shehia, na kila shehia ina Sheha wake anayetunza taarifa za wakaazi. Nenda ndani ya siku chache za mwanzo, uende na kitambulisho, picha mbili za pasipoti na jina la mwenye nyumba. Ukiweza, njoo na barua ya utambulisho kutoka kwa Sheha wa ulikotoka, au kutoka serikali ya mtaa kama unatoka Bara. Mwenye nyumba akikusindikiza, mambo huwa mepesi zaidi.

Usingoje mpaka uwe na shida. Barua ya Sheha itatakiwa ukimwandikisha mtoto skuli, ukifungua akaunti benki, ukiomba kuungiwa maji, ukimwekea mtu dhamana, na hata ukipotelewa na kitambulisho. Sheha ambaye hajakuona hata mara moja hawezi kuandika kwamba anakufahamu, na hapo wa kulaumiwa si yeye.

Mimi ni wa Bara na nina kitambulisho cha NIDA. Kinatosha?

Kwa laini ya simu, benki na boti, NIDA inatosha. Ukikusudia kukaa, Zanzibar ina kitambulisho chake cha mkaazi, na kipo cha Mzanzibari mkaazi na cha mkaazi asiye Mzanzibari. Hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na safari ya kukipata inaanzia tena kwa Sheha.

Nisafirije kwa boti na mizigo ya kuhamia?

Boti za kasi hutumia kiasi cha saa mbili kutoka Dar es Salaam. Tiketi nunua ofisini au kwa njia rasmi ya simu, si kwa mtu aliyesimama nje ya geti, na jina la kwenye tiketi liwe lile lile la kwenye kitambulisho. Magodoro, makabati na mitungi ya gesi havipandi boti ya abiria kama begi. Vitume kwa meli ya mizigo, kila kipande kikiwa kimeandikwa jina na namba ya simu kwa wino usiofutika. Ukishuka Malindi, bei ya hamali patana naye mzigo ukiwa bado chini. Ukishapanda kwenye gari lake la mkono, bei imeshakuwa nyengine.

Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba hivi, bahari huchafuka. Anayetapika akae chini, nyuma kidogo ya katikati ya chombo, ale kitu kikavu kama mkate wa boflo saa moja kabla ya safari. Chai ya maziwa aiwache.

## Nyumba

Nitafute mtaa gani?

Inategemea kazi yako iko wapi. Anayefanya kazi bandarini, Darajani au maofisi ya mjini, akipata chumba Kikwajuni, Miembeni, Vikokotoni au Mlandege ataokoa nauli kwa kutembea kwa miguu. Nyumba za huko ni kongwe na zimebanana. Jang'ombe, Kwahani, Magomeni na Mpendae ziko katikati ya mambo yote. Fuoni, Tomondo, Bububu na Chukwani utapata nyumba mpya na kiwanja cha kuanikia nguo, lakini hesabu nauli ya kwenda na kurudi kila siku kabla hujaifurahia kodi ndogo.

Majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yana wapenzi wake. Unapopelekwa huko, swali la kwanza liwe "ghorofa ya ngapi?", kwa sababu ya ngazi na kwa sababu ya maji (tazama sehemu ya maji hapa chini).

Kodi hulipwaje, na dalali anachukua nini?

Wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa pamoja. Ukilipa mwaka, una nguvu ya kuomba upunguziwe, kwa hiyo omba. Dalali kwa desturi huchukua sawa na kodi ya mwezi mmoja, na anaistahiki pale mkataba unapotiwa saini, si kwa kukutembeza. Dalali anayetaka "pesa ya kuonyeshwa nyumba", mkwepe.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni wa karatasi ya daftari. Uandikwe tarehe, kodi, miezi iliyolipwa, namba za mita ya umeme na ya maji pamoja na usomaji wa siku hiyo, nani anatengeneza paa likivuja, na muda wa kupeana taarifa ya kuhama. Shahidi bora ni Sheha. Mwenye nyumba akikwambia "sisi hapa ni ndugu, maandishi ya nini", mjibu kwa upole kwamba ndugu nao husahau.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Nenda mara mbili, na moja kati ya hizo iwe jioni, baina ya saa kumi na saa mbili. Mchana kila nyumba ni nzuri.

Anza na kuta. Tazama kimo cha goti kuteremka chini: rangi iliyovimba, mstari wa udongo, au saruji mpya iliyopigwa kwa chini tu, ni dalili kwamba masika (Machi hadi Mei) maji huingia ndani. Mabonde kama ya Mwanakwerekwe na Sebleni yana historia ya kujaa maji, na usitegemee neno la dalali kwa hilo. Muulize muuza duka wa mtaani: "Masika maji yanafika wapi hapa?" Atakuonyesha kwa mkono.

Kisha fungua koki zote, ya jikoni na ya chooni kwa pamoja, uone kama moja inakufa nyengine ikifunguliwa. Uliza maji ya mtaa hutoka siku gani na saa ngapi. Kama nyumba ina kisima, onja: karibu na pwani visima vingi vina chumvi, na maji hayo hayatoi povu la sabuni na hutafuna mabomba. Kisima kiwe mbali na karo la choo, mita 30 au zaidi.

Umeme: mita ni yako peke yako au ya wapangaji wote? Mita ya pamoja ndiyo mama wa ugomvi wa uani. Mmoja ana pasi na friji, mwengine ana taa mbili, na wote wanachanga sawa. Kama huna budi, nunua mita ndogo ya pembeni, fundi akufungie kwenye waya wa chumba chako, mlipane kwa hesabu.

Mwisho tazama bati na madirisha. Hewa ya bahari hula chuma, na nondo za dirisha zinazomeguka kwa ukucha hazimzuii mwizi.

Na nyumba za Mji Mkongwe?

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kubadilisha mlango, dirisha, paa au rangi ya nje kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi. Kuta ni za mawe na chokaa: zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji unaufungia unyevu ndani, na baada ya masika moja au mbili plasta inabanduka na jiwe chini yake limeoza. Fundi asiyejua chokaa usimruhusu aguse ukuta.

Gari haifiki mlangoni. Kila friji na kila mfuko wa mchele utaingia kwa hamali, kwa hivyo pima vichochoro na ngazi kabla ya kununua kabati kubwa.

## Maji na umeme

Kwa nini maji ya bomba hayatoki mchana?

Mamlaka ya Maji (ZAWA) husukuma maji kwa mgao, mtaa kwa mtaa, na mitaa mingi hupata usiku wa manane au alfajiri. Shinikizo ni dogo: maji hufika kwenye koki ya uani na hayapandi juu ya paa. Ndiyo maana utaona tangi la chini na tangi la juu katika nyumba moja. La chini hujaa lenyewe maji yakija, kisha mota huyapandisha.

Mambo matatu huharibika hapa. La kwanza ni boya la tangi la chini: likikwama, maji humwagika usiku kucha na bili ni yako. La pili ni mota kuachwa ikivuta hewa tangi likiwa tupu, nayo huungua kwa muda mfupi, kwa hiyo usiiwashe ukalala. La tatu ni mota kuungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Hilo linanyonya maji ya majirani na uchafu wa nje kupitia nyufa za bomba, na hairuhusiwi.

Tangi la lita ngapi linanitosha?

Mtu mmoja anayeoga kwa kata, anapika na anafua, hutumia lita 40 hadi 50 kwa siku. Familia ya watu wanne ni kama lita 200, hivyo tangi la lita 1,000 ni siku tano. Kama mtaa wenu hupata maji siku moja baada ya mbili, hilo linatosha na ziada. Mpangaji wa chumba kimoja madumu matano ya lita 20 yanamfaa, mradi awe na mtu wa kumjazia maji yakija usiku.

Tangi la juu likiwa mita tatu juu ya koki, maji yatatiririka tu. Ukitaka bomba la mvua lenye nguvu, itabidi mnara mrefu zaidi au mota ndogo ya shinikizo. Safisha tangi mara mbili kwa mwaka, na mfuniko ubane: mbu wa homa ya dengi huzaa kwenye maji safi.

Maji ya bomba yananyweka?

Chemsha. Yakishatokota dakika moja kamili yatosha, kisha yafunike kwenye chombo chenye mdomo mdogo au koki. Ukikosa moto, tia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato (asilimia 5) matone mawili kwa lita, ungoje nusu saa. Ukoko mweupe kwenye birika ni chokaa cha mawe ya kisiwa na haina madhara: chemshia maji yenye ndimu mbili zilizokatwa, itatoka.

Tukuza ni nini?

Ni mita ya umeme wa kulipia kabla, ya Shirika la Umeme (ZECO). Unanunua kwa simu au kwa wakala, unapewa tarakimu 20, unaziingiza. Zikikataliwa, mara nyingi ni tarakimu moja iliyokosewa au ni namba ya mita ya mpangaji aliyehama ambayo bado imo kwenye simu yako. Ukinunua na yuniti zikaja chache kuliko kawaida, uliza ZECO kama mita ina deni la nyuma. Deni hilo ni la mwenye nyumba, na ndiyo sababu ya kuandika usomaji kwenye mkataba.

Yuniti zinakwisha haraka. Kuna nini?

Tafuta kinachotoa joto au baridi. Pasi ya wati 1,200 kwa nusu saa ni yuniti 0.6, kwa hiyo piga pasi nguo za wiki nzima kwa mpigo mmoja. Friji ya kawaida ni yuniti moja hadi moja na nusu kwa siku, na huzidi sana ikiwa mpira wa mlango umelegea: bana karatasi mlangoni, ikivutika bila kukwama badili mpira. Kiyoyozi cha usiku mzima kinaweza kula yuniti sita. Taa za LED usizihangaikie.

Umeme ukikatika, chomoa friji na televisheni. Kinachoua vyombo ni kurudi kwake kwa kishindo, na kinga ya friji ni rahisi kuliko kompresa.

Umeme unaweza kukosekana kisiwa kizima?

Ndiyo. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na Pemba kutoka Tanga tangu 2010. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi, na kuanzia Disemba 2009 ikawa kama miezi mitatu. Waya mkubwa zaidi uliwekwa 2013, na tangu hapo hali ni nafuu mno. Hata hivyo, mota ya maji haifanyi kazi bila umeme, kwa hiyo pipa moja lililojaa liwepo chini daima.

## Usafiri

Nitajuaje gari ya kupanda?

Kwa namba ya daladala. Zinazoanza na 5 ni za mjini: 505 uwanja wa ndege, 502 Bububu. Zinazoanza na 1 huenda kaskazini (116 Nungwi, 118 Matemwe), 2 huenda mashariki (206 Chwaka), na 3 huenda kusini (309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi). Nauli muulize abiria mwenzako, si konda, na uwe na chenji. Ukifika sema "shusha" kwa sauti, au gonga bodi.

Gari za shamba hupungua mapema, na jioni ya mwisho wa wiki hujaa. Za mjini huanza kuadimika baada ya Isha. Baada ya hapo ni bajaji au teksi, na bei hupatanwa kabla ya kukaa.

## Sokoni na jikoni

Ninunue wapi, na saa ngapi?

Darajani asubuhi kwa samaki, nyama na viungo. Mwanakwerekwe kwa mboga na matunda ya jumla: tungule (nyanya), mbatata (viazi), ndizi za mikungu. Saa kumi na moja jioni wauza mboga hupunguza bei, maana kesho mchicha hauuziki. Genge la mtaani ni ghali kidogo, ila ndilo linalokukopesha ukishazoeleka.

Nenda na kikapu chako. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya Bara kufanya hivyo 2019. Kwa mchele, wenye kipato kidogo hununua mapembe. Ni ya chengachenga, hivyo punguza maji kidogo na usikoroge, isije ikawa bokoboko.

Mbona bei ya samaki inapanda na kushuka hivi?

Bahari ndiyo inayopanga. Kusi ikivuma, vyombo vidogo havitoki na bei hupanda. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kamili huadimika, na giza la mwezi ni wakati wa kuwanunua kwa wingi na kuwakausha. Pweza huwa wengi wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali.

Samaki mbichi ana jicho lililotuna na angavu, shavu jekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Jicho lililozama na shavu la kahawia, mpite hata akimwagiwa barafu. Mnadani usijitie kunadi siku ya kwanza. Simama, sikiliza bei zinakoishia, kisha ununue fungu kwa mchuuzi aliyenunua hapo hapo.

## Majirani, sala na Ramadhani

Nifanye nini nizoeleke mtaani?

Salimia. Ukipita penye baraza lenye watu, toa salamu hata kama humjui hata mmoja. Anayepita kimya huulizwa habari zake nyuma ya mgongo wake. Wakubwa ni shikamoo, mwanamke mtu mzima ni Bi fulani, mwalimu wa chuo cha Kurani ni Maalim. Mlangoni piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, ondoka, usichungulie.

Jirani akifiwa, nenda. Msibani hakuna mwaliko: wanaume hukaa nje na kusindikiza jeneza, wanawake hukaa ndani na wafiwa. Asiye Muislamu hukaribishwa vile vile, awe tu amejisitiri.

Kwa nini duka limefungwa mchana?

Ni sala au ni Ijumaa. Siku ya Ijumaa, kuanzia kama saa sita hadi saa nane, usipange kazi yoyote ya ofisi au fundi. Siku nyengine maduka mengi hufungwa kidogo adhuhuri. Na adhana ikilia, punguza muziki wako.

Mimi si Muislamu. Ramadhani niishije?

Usile, usinywe wala usivute sigara hadharani mchana, pamoja na kutafuna ndani ya daladala. Mikahawa ya kawaida hufungwa, kwa hiyo pika alfajiri, ule chumbani au ofisini nyuma ya mlango. Mavazi ya kujisitiri ni desturi ya mwaka mzima, ila mwezi huu yanaangaliwa zaidi.

Bei za muhogo, ndizi mbichi, nazi na viazi vitamu hupanda siku chache kabla ya mwezi kuandama. Sukari, tambi, unga na tende nunua wiki mbili mapema. Saa moja kabla ya magharibi kila mtu anakimbilia nyumbani: gari hujaa kisha hutoweka, na madereva huenda kasi. Ama uwe umefika, ama ungoje mpaka watu wafuturu. Ukialikwa futari, nenda na tende au matunda.

## Masuala ya wachache

Naweza kufuga mbwa?

Si kosa, lakini kwenye nyumba ya uani wa pamoja utawatia majirani taabu: wengi wakiguswa na mate yake hulazimika kujitohorisha kabla ya sala. Muulize mwenye nyumba kwanza, na afungwe ndani ya uzio wako.

Ndugu zangu Pemba wamenipa gunia la karafuu nije niuze mjini. Inafaa?

Haifai. Karafuu za biashara hununuliwa na shirika la biashara la Serikali (ZSTC) peke yake, na kuzisafirisha bila kibali ni magendo: hutaifishwa, na unaweza kushitakiwa. Waziuze huko huko kwenye kituo cha ZSTC, wakutumie pesa.

Nimeonyeshwa kiwanja cha bei rahisi Fuoni. Ninunue?

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya Serikali, kwa Sheria ya 1992. Kinachouzwa ni haki ya matumizi, na asiye Mzanzibari ana masharti yake mengine. Tena mti unaweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi: minazi sita iliyomo kiwanjani inaweza kuwa ya mtu wa tatu ambaye hajatajwa. Kabla ya pesa yoyote nenda kwa Sheha, kisha ofisi ya ardhi, kisha wahoji majirani wa pande zote nne kuhusu mipaka na miti.

Mwanangu anahama skuli katikati ya mwaka. Natakiwa nini?

Barua ya uhamisho kutoka skuli aliyotoka, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya mwisho na barua ya Sheha wako mpya. Baadhi ya skuli za mjini zina mikondo miwili, asubuhi na mchana, kwa hiyo uliza mkondo wake kabla ya kupanga saa za chuoni kwa Maalim.